Kupanga zamu za madereva na magadi wa treni kwa programu: mfano wa Nakuru–Kisumu

Mkuu uliyeuliza kama programu inaweza kupanga zamu za treni ya abiria ya Kisumu badala ya Excel, na kwa nini madereva hukataa ratiba zinazotoka kwenye programu: inaweza. Ila inatii ulichoandika tu, na wengi huandika nusu ya masharti.

Kazi yake ni hii. Inakata kila safari vipande kwenye vituo ambapo wafanyakazi wanaweza kupokezana, inaunganisha vipande hivyo kuwa zamu zote zinazokubalika, maelfu kwa maelfu, kisha inachagua zile za gharama ndogo ambazo haziachi treni hata moja bila dereva na gadi (msimamizi wa safari ndani ya treni). Majina ya watu huja baadaye. Ukiyaingiza mapema, likizo ya mtu mmoja inavuruga hesabu nzima.

Tuseme treni inatoka Nairobi Ijumaa 18:30, inafika Nakuru 23:40, inaondoka 00:10 na kuingia Kisumu 06:30. Dereva anaripoti saa moja kabla, akague injini na breki, na mwishoni anahitaji dakika 30 za kukabidhi. Akienda njia nzima, zamu yake ni ya saa 13 na nusu. Kama kikomo chenu ni saa 12, lazima wapokezane Nakuru: wa pili anaripoti 23:10 na kumaliza Kisumu 07:00, yaani saa 7 na dakika 50.

Sasa angalia tarehe. Zamu hiyo ilianza Ijumaa. Ikiandikwa kwa tarehe ya kumaliza, Ijumaa inaonekana ni siku ya mapumziko, na programu itaihesabu kama ile siku moja katika saba ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia mfanyakazi. Kwenye skrini kila kitu ni kijani, kumbe mtu hajapumzika. Saa nazo ziandikwe kwa mfumo wa saa 24 pekee. Karani akiandika 12:30 akimaanisha jioni, programu inasoma adhuhuri, na hapo saa sita zimepotea.

Kosa baya zaidi ni safari ya kurudi kama abiria. Dereva wa Nakuru amemaliza Kisumu Jumamosi asubuhi na treni ya kurudi ni Jumapili jioni. Ukiacha muda wa matatu kuwa sifuri, programu itampandisha gari mara moja, bila usingizi, na kumpa zamu nyingine Nakuru siku hiyohiyo. Andika saa 4 au 5 za barabarani kama muda wa kazi, na uweke muda wa chini kabisa wa mapumziko kabla yake. Kama analala Kisumu, gharama ya chumba iingie pia.

Kila dereva awe na orodha ya njia anazozijua, yenye tarehe aliyopita kila moja mara ya mwisho. Mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Londiani na Fort Ternan hadi Muhoroni hapewi mtu ambaye hajaupita siku nyingi.

Kuhusu kukataliwa: Uholanzi mwaka 2001 wafanyakazi wa treni waligoma kwa sababu mpango mpya uliwafungia kwenye njia chache zilezile. Suluhisho lilikuwa kugawa njia nzuri na mbaya kwa usawa kati ya vituo, na sharti hilo likaingizwa kwenye programu yenyewe. Nanyi kaeni na madereva na magadi kabla ya kubonyeza kitufe, wawaambie zamu gani zinawachosha. Hayo yapewe uzito wa adhabu, yaani gharama ya ziada kwenye hesabu, yasiwe marufuku kabisa, la sivyo programu haitapata jibu.

Kwa treni mbili kwa wiki, karatasi inatosha. Zikifika kumi kwa siku, nunua programu.

Ratiba ikitoka, ijaribu kwa kuchelewesha treni dakika 30, 60, kisha 120, uhesabu zamu zinazovunja kikomo. Mvua ikijaza maji uwanda wa Kano karibu na Kisumu, dakika 120 si nyingi. Zamu ikivunja kikomo kwa kuchelewa dakika 60, weka dereva wa akiba Nakuru usiku huo.