Maswali na majibu: Chumvi ya bahari mbele ya plazma

Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia, kwetu Ngamiani, Tanga. Spektrometa ya masi ya plazma, ile mashine ya kupima elementi zilizomo kwenye maji, inafanyaje kazi?

Marahaba, mwanangu. Maji yako hufyonzwa na mpira mwembamba, nebulaiza inayageuza kuwa ukungu, na matone makubwa yanamwagwa. Kinachofika kwenye plazma ni kama asilimia 1 hadi 2 tu. Plazma yenyewe ni gesi ya agoni iliyochochewa kwa mawimbi ya redio mpaka joto lake likafika kelvini 6,000 hadi 10,000. Mle kila kitu hukauka, huvunjika kuwa atomi, na atomi nyingi hunyang'anywa elektroni moja zikawa ioni. Ioni hupenya matundu madogo ya koni mbili za nikeli na kuingia kwenye ombwe, ambako fito nne zenye umeme hupitisha masi (yaani uzito wa atomi) moja baada ya nyingine, kigunduzi kikihesabu. Ukumbuke hili: mashine haimjui risasi wala zebaki kwa jina. Inahesabu masi tu.

Tumepima maji ya bahari ya Raskazone, aseniki, ile sumu, imekuja nyingi ya kutisha. Tuache samaki?

Msiwatupe samaki bado! Aseniki ina isotopu (atomi za masi tofauti za elementi ileile) moja tu, masi 75. Maji ya bahari yana chumvi takribani gramu 35 kwa lita, na sehemu kubwa yake ni kloridi. Sasa jumlisha: agoni ya 40 ikishikana na klorini ya 35, unapata 75. Ndiye huyo mgeni wenu. Tazama masi 77. Klorini ya 37 ni kama robo ya klorini yote, kwa hiyo 77 ikipanda kwa takribani theluthi ya 75, mshukiwa wa kwanza ni kloridi. (Seleni nayo ina 77, msihukumu haraka.)

Kama mashine yenu ina seli ya migongano (chumba cha gesi ambamo ioni hupita), fungulieni gesi ya heliamu. Agoni-kloridi ni pana kuliko aseniki, inagongana zaidi, inachoka na kuzuiliwa njiani.

Halafu, nani aliwaruhusu kuingiza bahari nzima nzima? Chumvi ikizidi asilimia 0.2, koni zinaganda weupe kama kingo za majaruba ya chumvi. Zimueni angalau mara 20.

Chupa za kioo zinafaa kuchukulia maji ya kisima?

Hapana. Kioo huachia boroni na sodiamu. Tumia plastiki iliyolowekwa kwenye asidi ya nitriki, na kila safari beba chupa moja ya maji safi kabisa uitendee kama sampuli. Glavu zenye unga acha nyumbani, zina zinki.

Florini je?

Haiwezekani kwa njia hii. Florini haitoi elektroni yake kirahisi, hata agoni huachia yake kirahisi kuliko florini.

Saa tatu asubuhi namba zilikuwa nzuri, saa nane mchana zimeshuka zote. Sampuli zimeharibika?

Sampuli hazina kosa, koni zinaziba. Tia elementi ya indiamu ya kiwango kilekile katika kila mrija, hata ule wa maji safi usio na sampuli. Ikishuka kwa asilimia 10, ujue na jirani zake wa masi za karibu wameshuka karibu hivyo, programu itasahihisha. Ikianguka chini ya asilimia 70 ya mwanzo, mimi huzima, nikafungua koni nikaziosha.