Omba Njia, Usiombe Pori

Gogo la mgunga lilikuwa limelazwa katikati ya njia, na juu yake limerundikiwa matawi ya miiba kama boma la ng'ombe. Tulikuwa magari matatu, tumetoka Dodoma mjini alfajiri kuelekea upande wa Chenene, kwa njia tuliyokuwa tumeizoea zaidi ya miaka miwili bila kuulizwa na mtu. Nilishuka nikidhani mti umeanguka. Nilipoona gogo limekatwa kwa shoka huku na huku, nikaelewa kwamba tumefungiwa.

Siku ile nilikasirika. Nilijiambia kwamba ardhi ya nchi hii ni ya wote, na kwamba hakuna mwenye haki ya kunizuia nisipite porini na gari langu. Tukazunguka hadi kijijini kumtafuta mwenyekiti. Tukamwamkia, akaitikia vizuri, hakubishana nasi. Alimwita mzee mmoja, akamwambia, "Baba, wapeleke hawa vijana wakaone." Mzee akatangulia kwa miguu, sisi nyuma yake, hadi kwenye mbuga ya udongo mweusi iliyo kati ya mashamba na kilima.

Mwezi wa pili wa mwaka uliotangulia tulipita hapo mbuga ikiwa imelowa. Mkonga mmoja, yaani Land Cruiser, ulizama hadi kwenye bodi. Tuliuvuta kwa winchi, tukakata matawi ya kutandika chini ya tairi, tukapiga picha, tukaenda zetu na furaha tele. Mvua zilizofuata zilikuta mifereji miwili imekwisha kuchimbwa, zikaifuata. Mahali tulipoacha alama ya kina cha goti, mzee alituonyesha korongo la kina cha kiuno, limeanza kula ukingo wa shamba la uwele. Ndama wa familia moja alikuwa ametumbukia humo akavunjika mguu.

Mzee alisema, "Mwanangu, sisi ng'ombe tunawapitisha kwa mstari, njia ileile kila siku, ili mbuga ibaki. Ninyi mnapita popote."

Ndama tulimlipa. Korongo lile bado lipo.

Naeleza haya kwa sababu kila kiangazi kinapoanza, vijana wenye magari ya difu mbili na pikipiki za porini huniuliza namna ya kupata ruhusa ya kuchanja mbuga huku kwetu Dodoma, Manyoni hadi Kondoa bila kufukuzwa. Ninaamini kwa moyo wote kwamba njia za porini zinapaswa kubaki wazi kwa magari. Baba yangu mdogo alichunga ng'ombe chini ya kilima kimoja huko akiwa mtoto, na sasa mguu wake mmoja haufanyi kazi. Bila gari asingekiona tena kilima kile. Nilimfikisha, akakaa juu ya jiwe kwa muda wa karibu saa mbili akinitajia majina ya miti. Wafuga nyuki wanapita njia hizohizo kufuata mizinga. Mama mjamzito wa kitongoji cha mbali anategemea kwamba kuna mahali gari linaweza kupita. Siombi msamaha kwa kuzitetea njia hizi. Ila nimejifunza kwamba kuna namna ya kuzitetea inayozifungua, na nyingine inayowafanya watu walaze magogo.

Anza kwa kujua unapita kwenye ardhi ya nani. Maneno yangu ya siku ile, kwamba ardhi ni ya wote, yalikuwa na ukweli nusu. Sheria inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Lakini sheria hiyohiyo imeigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Sehemu kubwa ya pori tunalolitamani ni ardhi ya kijiji, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, anayeisimamia ni Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Pori usiloona nyumba ndani yake linaweza kuwa malisho ya pamoja, au akiba waliyowawekea watoto wao. Ukiingia kwenye msitu wa hifadhi wa serikali kuu, unazungumza na Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Kwenye mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero, ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Ruaha, usihangaike kuomba: gari haliachi barabara, na mimi nakubaliana na katazo hilo. Kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, jiandikishe Kolo, upewe mwongozaji, na sehemu ya mwisho utembee kwa miguu. Magurudumu hayana kazi karibu na miamba ile.

Sasa nije kwenye kijiji, maana hapo ndipo haki ya kupita inapatikana au kupotea.

Kosa letu la kwanza, hata baada ya kuona korongo, lilikuwa kuomba kitu kikubwa kisicho na umbo. Barua yetu iliomba "ruhusa ya kutumia maeneo ya wazi ya kijiji". Mtendaji wa kijiji aliisoma, akaikunja, akaniuliza, "Maeneo gani?" Sikuwa na jibu. Ukiomba pori zima, kila mtu mkutanoni analiona shamba lake ndani ya ombi lako. Ukiomba njia moja, yenye mwanzo, mwisho na upana, watu wanaweza kuijadili. Tulirudi tukaitembea ile njia kwa miguu, kilomita 14, pamoja na vijana wawili wa kijiji na mzee wetu yuleyule. Kila tulipofika kwenye shamba, kisima, kaburi au mapito ya mifugo, tuliandika. Njia tuliyokuja kuiomba haikuwa ile tuliyokuwa tukiipita. Ilizunguka mbuga yote kwa juu, kwenye kichanga na mawe. Nakiri kwamba ni nzuri zaidi hata kwa dereva.

Kosa la pili lilikuwa kukubali jambo letu liwekwe kwenye "mengineyo". Tulikaa chini ya mti tangu asubuhi, yakasomwa mapato na matumizi, ukaja mgogoro wa mpaka, yakafuata madawati ya shule, na tulipofikiwa nusu ya watu walikuwa wameondoka kwenda kunywesha mifugo. Tuliambiwa tusubiri mkutano unaofuata, yaani miezi mitatu mbele. Kwa hiyo peleka barua mapema, pitia kwanza kwa Halmashauri ya Kijiji, na uombe liwe ajenda yenye namba yake. Usiombe mkutano wakati wa kulima au kuvuna. Na kama kuna mwenzenu anayesema Kigogo, au Kirangi kwa upande wa Kondoa, mpeni yeye nafasi ya kueleza. Salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", iliyotoka moyoni ilitufungulia masikio ambayo barua haikuyafungua.

Mkutano wa pili ndio ulionifundisha zaidi. Tulijiandaa kujibu maswali ya mashamba na ng'ombe. Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, akauliza kama magari yetu yataendelea kushuka kwenye mto. Mito yetu huku mnaifahamu: kiangazi ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, na kwa dereva hakuna uwanja mtamu kuliko ule. Tulikuwa tukishindana humo. Mama akaeleza kwamba wanawake wa vitongoji viwili wanafukua visima ndani ya mchanga huo kuanzia mwezi wa saba, na kwamba gari likipita juu yake kingo zinaporomoka, inawabidi wafukue upya kwa mikono. Mara nyingine maji yalinuka oili. Miaka miwili tulikuwa tunapita juu ya maji ya watu bila kujua.

Hatukujitetea. Niliomba radhi mbele ya mkutano, na tukafuta mto wote kwenye ombi letu isipokuwa kivuko kimoja chenye mawe, upande mto unakoelekea baada ya kupita visima vyote. Nadhani kura zilipatikana pale, kabla hata hatujafika kwenye masharti mengine. Ukienda kutetea njia yako, kuwa tayari kuacha kipande unachokipenda sana kama kipande hicho ndicho kinachoumiza watu. Waseme kinachowauma kwanza, wewe uandike.

Masharti mengine yaliandikwa hivi. Njia inafungwa mvua ya kwanza inapoanguka na haifunguliwi mpaka Halmashauri ya Kijiji itangaze. Gari likikutana na mifugo linasimama na kuzima injini hadi mnyama wa mwisho apite. Hakuna kukata mti, hata tawi la kujikwamulia, kwa hiyo kila gari libebe mbao zake na sepetu. Kijana mmoja wa kijiji anakuwa nasi na analipwa siku hiyohiyo. Kila gari linachangia kiasi kilichokubaliwa, fedha inaingia kwenye akaunti ya kijiji, na stakabadhi inatolewa.

Hapo kwenye fedha niseme kwa ukali kidogo. Nimeona makundi yakimpa mtu mmoja noti mkononi ili awaruhusu kupita. Msifanye hivyo. Viongozi wa vijiji huchaguliwa kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024, na ruhusa iliyokaa mfukoni mwa mtu huondoka naye. Iliyo kwenye muhtasari wa mkutano, yenye ramani iliyochorwa kwa mkono, saini na muhuri, inabaki. Sisi tulitoa nakala tatu: ya kijiji, ya kwetu, na moja kwa ofisa ardhi wa wilaya. Ukisikia kijiji kinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, nenda mapema na nakala yako, omba njia hiyo ichorwe kwenye ramani ya mpango. Mpango ukikamilika bila njia yako, umebaki na kazi ngumu.

Wamarekani walilijua hili kwa gharama. Mwaka 1972 Rais Nixon alisaini amri ya kutaka taasisi zinazosimamia ardhi za umma zitenge mahali magari ya porini yanaporuhusiwa na yasiporuhusiwa. Mwaka 2005 Huduma ya Misitu ya nchi hiyo ikatoa kanuni kwamba gari lipite tu kwenye barabara, njia au eneo lililotengwa na kuchorwa kwenye ramani. Njia nyingi zilizojichonga zenyewe kwa kupitwa tu, zisizoingia kwenye ramani, zikafungwa. Waliokuwa wamezipima na kuhudhuria vikao walikuwa na cha kutetea. Kwetu ardhi inasimamiwa kwa namna nyingine kabisa, lakini njia isiyoandikwa huku nayo ina mwisho uleule.

Kuhusu kufunga wakati wa mvua, kuna madereva wananiambia hilo ni kukubali nusu ya starehe. Nawajibu kwa historia ya mkoa huu. Dodoma inapata wastani wa chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na zikishuka zinashuka kwa nguvu juu ya udongo ambao kiangazi kimeuacha wazi. Kondoa mmomonyoko ulifikia mahali ambapo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Wapo wazee waliohamisha ng'ombe zao wote kwa ajili ya udongo ule. Mbele ya mzee wa namna hiyo, sioni kijana mwenye tairi pana anawezaje kusema kwamba hawezi kusubiri hadi mwezi wa sita.

Ukiwa njiani yenyewe, mambo ni machache. Punguza upepo kwenye tairi unapoingia kichanga, gari lielee badala ya kuchimba. Ingiza difu ya mbele kabla ya kukwama, maana tairi linalozunguka bure ndilo linalofukua. Pita katikati ya dimbwi la njia yako badala ya kulikwepa pembeni, kwa sababu kila anayekwepa anaongeza upana, na mwisho njia moja inakuwa njia tano. Kama dimbwi halipitiki, geuza. Wa pikipiki, hayohayo, na mfunge ekzosi zenu vizuri; ng'ombe wanaotimuliwa na mlio watavuka shamba la mtu, na lawama ni yenu.

Njia yetu ilifunguliwa tena baada ya gogo kukaa miezi kumi na moja. Vijana wa kijiji ndio waliolisogeza, nalo limelazwa kando ya kivuko, watu hulikalia wakisubiri mifugo ipite. Mwaka huu tumeandika barua nyingine kuomba kilomita nne zaidi, hadi chini ya kilima cha baba yangu mdogo, ambako sasa inatulazimu kumbeba. Mkutano uliahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba. Mzee ametutumia salamu kwamba kabla ya kusikilizwa twende tukaitembee naye tena, maana kuna mzinga umetundikwa hivi karibuni jirani na mahali tulipochora.