Mabuu chini ya magome ya migunga: ninavyowatafuta na kuwatambua huku Dodoma

Ndugu uliyeuliza kuhusu mabuu weupe uliowakuta chini ya gome la mgunga uliokatwa kwako Chamwino, ambao mmoja wao ana "kichwa" kipana kama kijiko na wengine ni wanene, ukataka kujua ni wa aina gani hasa na kama mwarobaini wako uko hatarini: hao si mchwa, wala si funza wa kawaida. Ni watoto wa mbawakawa, tena inaelekea ni wa jamii mbili tofauti. Mimi si mtaalamu wa kusomea. Nimekuwa nikibandua magome ya miti iliyokufa kati ya Dodoma mjini, Kongwa na Kondoa kwa miaka kadhaa kwa mapenzi tu, na haya ninayoandika nimeyapata kwa kukosea zaidi kuliko kwa kupatia.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumkimbilia mdudu. Nilikuwa nikichomeka bisibisi, nang'oa gome kwa nguvu, nanyakua buu kwa kibano na kumtia kwenye chupa, kisha ninafika nyumbani na kiumbe mweupe nisichoweza kusema lolote juu yake. Siku hizi ninainua gome polepole kwa kisu bapa, nikianzia mahali lilipokwisha kuachia lenyewe, na kabla ya kumgusa mdudu ninaitazama njia aliyoichimba na unga aliouacha nyuma yake. (Vidole visitangulie kamwe: nge na tandu wanapenda mahali hapo hapo, na mkono wangu wa kushoto unakumbuka.)

Huyo wako wa kijiko ni wa jamii ya Buprestidae, wale mbawakawa wagumu wanaong'aa kama shaba ambao huonekana kwenye migunga wakati wa mvua. Kile kipana si kichwa, bali ni sehemu ya kifua. Kichwa chenyewe kimezama humo ndani, na ukitumia kioo cha kukuzia utaona taya mbili nyeusi tu zimechomoza. Njia yake ni bapa, inapindapinda kati ya gome na mti, na imeshindiliwa unga laini uliojipanga kwa matao madogo madogo, kama mchanga uliochorwa na upepo. Anapokwisha kukomaa hutoka kwa tundu lililobapa, na mara nyingine upande wake mmoja umenyooka kama herufi D.

Wale wengine ulioeleza kuwa ni wanene, wameviringana kama kipande cha mshumaa, na mwili wenye pingili nyingi, ninawadhania kuwa wa jamii ya Cerambycidae, ambao wakikua huwa na vipapasio virefu, mara nyingi kupita mwili wenyewe. Njia zao huwa na kina zaidi, na mara nyingi taka zao huwa na nyuzi na vipande vya mti unavyoweza kuvihisi kwa vidole, si unga mtupu.

Ukikutana na mabuu wa namna nyingine, hesabu miguu. Mwenye jozi tatu kifuani na vijiguu laini zaidi chini ya tumbo si mbawakawa, ni kiwavi wa nondo. Asiye na kichwa kinachoonekana kabisa ni mtoto wa nzi. Aliyejikunja na hana miguu, ila ana kichwa cha kahawia kilicho wazi, ni wa ukoo wa fukusi, na humo wamo pia wale wadogo wanaochora magome: mama huchimba handaki moja, hutaga mayai kando kando yake, na kila mtoto huchimba lake kwenda pembeni likipanuka kadiri anavyonenepa, hata ukibandua gome unakuta mchoro kama wa tandu aliyenyoosha miguu.

Aliyejikunja lakini ana jozi tatu za miguu, akiwa ndani ya mti mkavu wenyewe, mara nyingi ni wa jamii ya Bostrichidae, yaani ndugu wa dumuzi. Dumuzi huyu wa mahindi, ambaye wengi wanamwita skania, ni mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wanamjua kuwa anaweza kuishi kwenye mti pia. Jamii hii ina taya za kutisha. Niliwahi kuweka vipande vya mgunga kwenye ndoo na kuifunika kwa kipande cha kanga; baada ya wiki chache kanga ilikuwa na matundu ya mviringo kana kwamba imechomwa kwa msumari wa moto, na ndoo haina mtu. Tangu hapo natumia wavu wa chuma, na ndoo haikai karibu na ghala la mahindi.

Ndoo hiyo ndiyo jibu la swali lako la aina hasa. Kwa buu peke yake utafika kwenye jamii na kuishia hapo. Kata kipande cha gogo chenye mabuu, kifunge, andika tarehe, mahali na jina la mti, kisha subiri. Kwangu wengi hutoka mvua za kwanza zinapoanza, Novemba au Desemba, na wapo waliokaa zaidi ya mwaka. Buu unayetaka kumhifadhi mtumbukize kwanza kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, kisha spiriti. Ukimtia kwenye spiriti moja kwa moja huwa mweusi.

Kuhusu mwarobaini wako, usihangaike ikiwa una afya. Wengi wa hawa hufuata mti unaokufa au uliokatwa karibuni, na ndiyo maana nguzo iliyomenywa gome mapema hudumu zaidi, ingawa ndugu wa dumuzi hawajali sana. Usiubandue mti hai ili kuuchungulia, na gome lililoinuliwa kwenye gogo lirudishe.

Ukipata nafasi, weka picha ya njia zenyewe, si ya buu tu, na kando yake sarafu ya shilingi 200 ili tuone ukubwa.