Umemwona mama yangu, au umeona mama yangu?

Msomaji wa Ujiji anayejifunza Kiarabu anauliza: Kiarabu kina nasbu, alama ya mtendwa mwishoni mwa nomino: "kitabun" hugeuka "kitaban" kikiwa ndicho kinachosomwa. Je, Kiswahili humwonyesha wapi mtendwa?

Ndani ya kitenzi, ndugu yangu. Neno kitabu tulilichukua kwa Waarabu, mkia wake wa kisarufi tukauacha hukohuko. Kilatini nacho hugeuza nomino: servus, mtumwa, akitendwa huwa servum. Mturuki akisema "kitap okudum", amesoma kitabu tu. "Kitabı okudum" ni kitabu mnachokijua. Nasi tuna "nilisoma kitabu" na "nilikisoma kitabu", ila alama yetu imo kwenye kitenzi.

Kwa vitu, basi, msemaji ana hiari. Hata kwa samaki: "nimenunua migebuka" ni sawa, na "nimewanunua wale migebuka" ni sawa pia, yaani wale tuliokubaliana bei yao asubuhi. Kwa mtu anayejulikana hakuna hiari. Kihispania nacho humtenga mtu hivyohivyo: "veo la casa", naona nyumba, lakini "veo a Juan", namwona Juan.

Sasa nifike panaponikera. Mitaani Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Kibirizi, nasikia: "Nimeona mama yako sokoni." Umeona mama yangu, kama mtu aonavyo nyanya? Mama ana heshima yake, sema umemwona! Anayebisha aigeuze sentensi yake: "Mama yako nimeona sokoni." Ameona nini? Mama amebaki pembeni, kitenzi hakimjui. "Mama yako nimemwona sokoni" inasimama imara, kwa kuwa ile -mw- inamshika mama popote utakapomweka. Ukimtaja kabla au baada, hapotei. Kazi kubwa hiyo inafanywa na kiambishi kimoja, na ndicho watu wanachokitupa!

Aliyekulia kwenye Kiha simkaripii. Katika Kirundi, lugha ndugu ya Kiha, mtendwa akitajwa wazi baada ya kitenzi, kiambishi hicho hakihitajiki. Mtu huleta mazoea ya nyumbani, nami humsahihisha taratibu. Lakini mtangazaji anayelipwa kusoma habari kwa Kiswahili, akatuambia "polisi wamekamata mtuhumiwa huyo", huyo simsamehe. Wamemkamata. Na mhariri wake airekebishe karatasi kabla haijafika kwenye kipaza sauti.