Mkiitwa kuchagua jina la njia yenu, msikimbilie sinema

Mwaka 2022, miezi michache kabla ya sensa ya Agosti, mwenyekiti wa mtaa wetu huku Uyole alituita kikaoni. Ilikuwa zamu ya anwani za makazi: kila njia ipate jina, kila nyumba ipate namba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, watu tope hadi vifundoni, kila mmoja anataka yaishe akageuze viazi jikoni. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakasema Wakanda. Mwalimu mmoja mstaafu akasimama, akasema Kusadikika. Nilicheka, nikanyoosha mkono kwa Wakanda. Wakashinda.

Kuazima jina hakuna ubaya. Mbeya tuna Soweto, tuna na kata ya Ghana, na sijasikia mtu akishuka pale akidhani kafika Accra. Ila Soweto ya Afrika Kusini ipo, watu wanaishi. Wakanda ni nchi ya kubuni iliyotoka kwenye katuni za Marekani, ikaenea kila mahali kwa sinema ya mwaka 2018. Ukilitaja, mtu anasikia utani kwanza, anwani baadaye.

Mimi yalinikuta kwa cherehani. Niliagiza kutoka Dar, nikamsomea karani kwenye simu: Njia ya Wakanda, nyumba namba 14, Uyole. Kimya. Halafu: "Dada, naomba anwani ya kweli, hapa kuna foleni." Cherehani yangu ililala stoo siku nne.

Wenzetu London nao yaliwapata, ila kwa kinyume. Baker Street ni barabara ya kweli kabisa, lakini Arthur Conan Doyle alipompangisha mpelelezi wake Sherlock Holmes namba 221B, namba za barabara ile hazikuwa zimefika huko. Baadaye zikafika, na miaka ya 1930 kampuni moja ya mikopo ya nyumba ikahamia jengo lililochukua na 221. Barua zikaanza kumiminika kwa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, hadi wakaweka katibu wa kuzijibu. Makumbusho ya Holmes yalipofunguliwa mwaka 1990 yakabandika 221B mlangoni, ingawa yako kati ya 237 na 241. Sawa, wao wanauza tiketi. Sisi tunapata watoto wa shule wanaopiga picha kwenye kibao, mikono wameikunja kifuani kama kwenye ile sinema.

Kwa hiyo zamu yenu ikifika, lijaribuni jina kwa simu kabla ya kulipitisha. Mpigie ndugu aliye stendi, kelele zote zile, umtajie mara moja tu. Akisema "nini?" mara ya pili, liacheni. Na kama jina limetoka kitabuni, mwombeni aliyekisoma aeleze. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Nikikumbuka mwalimu alivyomtazama mwenyekiti siku ile, nahisi alikuwa na lake moyoni.

Kama limeshapita kama letu, anza na kinachoonekana. Ukisema Mafiati au Mama John, dereva yeyote wa Mbeya anawasha pikipiki bila swali. Mimi siku hizi naelekeza hivi: ukifika njia panda ya Uyole ulizia mashine ya kusaga, ukiipita hesabu nyumba mbili, geti la bluu. Namba 14 naitaja baada ya hapo, na Wakanda mwisho kabisa, kwa haraka.

Juzi lori la viazi lilirudi nyuma vibaya likakwangua kibao chetu, herufi mbili za mwanzo zikaondoka na rangi yake. Sasa kinasomeka KANDA. Mwalimu alipita na mwavuli wake, akasimama, akakisoma taratibu.

"Afadhali," akasema. "Hilo angalau limo kwenye kamusi."