Wasifu wa mnasihi: kazi ionekane, mteja asionekane

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 28, ninaishi Morogoro, na nilihitimu shahada ya kwanza ya saikolojia ya ushauri mwaka 2021. Mafunzo kwa vitendo niliyafanya katika CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU, ya hospitali moja ya wilaya. Baada ya hapo nilijitolea miaka miwili katika nyumba ya upataji nafuu inayopokea watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya. Kila wiki nilikuwa nikizungumza na mteja mmoja mmoja, sita hadi wanane, na kuongoza kikao cha kundi la watu 12 kila Jumanne na Alhamisi. Mwanasaikolojia tiba alikuwa akija Ijumaa kunisimamia. Nimeomba kazi ya unasihi sehemu 11, hospitali, shule na mashirika, na sijaitwa kwenye usaili hata mmoja. Nimeambatanisha wasifu wangu wenye kurasa nne. Naomba uniambie bila kunificha, kosa liko wapi?
M., Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma wasifu wako mara mbili na barua yako mara moja, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba barua imekueleza vizuri kuliko wasifu. Katika mistari michache nimejua ulihudumia watu wangapi, kwa utaratibu gani na chini ya uangalizi wa nani. Katika kurasa nne za wasifu, kazi hiyo hiyo ya miaka miwili imepewa sentensi moja, tena kwenye ukurasa wa tatu: «Nilitoa ushauri nasaha kwa wateja mbalimbali.» Ukurasa wa kwanza wote umeuachia picha, dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi na shule ya msingi. Mjumbe wa jopo mwenye rundo la maombi mezani hafiki ukurasa wa tatu kama wa kwanza haujampa sababu ya kuendelea.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, liko ukurasa wa nne, na nitalisema waziwazi kwa sababu umeniomba nisikufiche. Chini ya kichwa «Mafanikio» umeeleza habari za kijana mmoja uliyemsaidia: umri wake, kata anayotoka, wadhifa wa baba yake katika kata hiyo, na dawa aliyokuwa akitumia. Jina hukuliandika, lakini mtu yeyote wa kata ile akisoma atamtambua kabla hajafika mwisho wa aya. Nimewahi kukaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka kadhaa, na niliwahi kuona wasifu mzuri wa mnasihi mwenye uzoefu mrefu ukiwekwa kando kwa aya ya namna hiyo. Hakuna aliyebishana. Kama siri ya mteja imeandikwa kwenye karatasi inayopelekwa kwa watu usiowajua, mwajiri anajiuliza nini kitasemwa kwenye korido. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo hili si suala la maadili ya taaluma peke yake.

Kwa hiyo, kabla hujabadilisha neno lingine lolote, ifute aya ile, kisha umweleze msimamizi wako wa Ijumaa kwamba maelezo hayo yalitoka kwenda sehemu 11, ili mshauriane kama kuna hatua ya kumlinda kijana huyo. Najua si mazungumzo mepesi. Nakala uliyonitumia nimeiharibu.

Sasa tuje kwenye ile sentensi moja ya ukurasa wa tatu, kwa sababu ndiyo yenye kazi yako. Msomaji wa wasifu wa mnasihi hutafuta mambo ambayo msomaji wa wasifu wa mhasibu hayatafuti: ulikaa na watu wa aina gani, mmoja mmoja au katika kundi, kwa mbinu gani, ulipima nini, ulifanya nini mambo yalipozidi uwezo wako, na nani alikuwa akiiangalia kazi yako. Nimechukua maneno ya barua yako na kuyapanga hivi:

«Mnasihi wa kujitolea, nyumba ya upataji nafuu, Morogoro, miaka miwili. Niliendesha vikao vya ana kwa ana kwa wateja 6 hadi 8 kwa wiki, na kikao cha kundi la watu 12 mara mbili kwa wiki, kuhusu vishawishi na namna ya kuzuia kurudia matumizi. Nilisimamiwa kila Ijumaa na mwanasaikolojia tiba.»

Mistari hiyo haizidi mitano, haina mteja hata mmoja anayetambulika, na bado msomaji anaiona wiki yako ya kazi kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Ongeza mambo mawili ambayo hukuyataja kwangu, kama kweli uliyafanya: wateja uliowapa rufaa kwenda hospitali na kwa dalili zipi, na madodoso uliyoyatumia. Katika nyumba kama yenu natarajia mlitumia AUDIT, lile dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10 kuhusu unywaji wa pombe. Kwenye CTC huenda uliona PHQ-9 ya kupima sonona. Andika tu lile ulilolijaza wewe mwenyewe ukiwa na mteja mbele yako, kwa sababu jopo litakuuliza. Swali moja nililopenda kuuliza lilikuwa hili: mteja amepata alama 8 kati ya 27 kwenye PHQ-9, yaani jumla ndogo, lakini swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, amelijibu kwamba humjia karibu kila siku, utafanya nini? Aliyewahi kulitumia dodoso hajibu kwa kutaja jumla. Husema kwamba angesimama hapo hapo, amuulize mteja kuhusu usalama wake usiku huo, na asimwache aondoke bila mpango. Aliyelinakili jina la dodoso kutoka kwenye wasifu wa mwenzake huonekana mara moja, na inasikitisha, kwa sababu mara nyingine huyo alikuwa na uzoefu mwingine wa kweli ambao angeutegemea bila kuongeza chochote.

Usimamizi wa kila Ijumaa usiuone mdogo. Waombaji wengi hudhani kutaja kwamba walisimamiwa ni kukiri kuwa bado ni wanafunzi, hivyo wanauficha. Katika taaluma hii mambo ni kinyume: mnasihi asiye na mtu wa kumpelekea kesi ngumu ndiye anayetia wasiwasi. Andika saa ulizosimamiwa kama ulikuwa na daftari la kuzirekodi, na kama hukuwa nalo, andika mara ngapi kwa wiki na kwa muda gani, bila kukisia jumla.

Wadhamini uliowaweka ni mchungaji wako, mjomba wako na mwalimu wa sekondari. Ni watu wa heshima, lakini hakuna hata mmoja aliyekuona ukifanya unasihi. Mdhamini wa kwanza awe mwanasaikolojia aliyekusimamia, wa pili mkuu wa nyumba ya upataji nafuu, wa tatu mhadhiri aliyekufuatilia kwenye mafunzo kwa vitendo. Waombe ruhusa kabla ya kuandika namba zao, na wape nakala ya wasifu mpya ili wanachokisema kwenye simu kilingane na ulichokiandika. Idadi ya watatu sikuiokota: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani na namba za simu zinazopatikana, pamoja na wadhamini watatu wa kuaminika. Matangazo hayo pia hukataa hati za matokeo badala ya vyeti vyenyewe, kwa hiyo ile hati ya muda ya matokeo uliyoambatanisha badala ya cheti huenda ilikuangusha kabla hata jina lako halijasomwa.

Mengine ni mepesi. Kurasa mbili zinakutosha. Picha iondoe isipokuwa tangazo limeitaka. Dini, kabila na majina ya wazazi vilevile. Lugha ziandike kwa ukweli, ukitenganisha ile unayoisema tu na ile unayoweza kuendeshea kikao kizima, maana mteja aliyefiwa hulia kwa lugha ya kwao. Unapoomba kazi ya shule, tanguliza mafunzo yako yanayohusu watoto na vijana. Unapoomba ya hospitali, tanguliza CTC. Wasifu mmoja kwenda sehemu 11 tofauti ni rahisi kuutambua.

SWALI: Bwana Mshauri, nina diploma ya ushauri na nimekuwa nikiwashauri vijana kanisani kwetu kwa miaka mitano. Rafiki yangu ananiambia niandike «Mwanasaikolojia» chini ya jina langu ili wasifu upate uzito. Je, kuna ubaya?
K., Nakuru

JIBU: Ubaya upo, ndugu yangu. Nchini Kenya, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi inayosajili watu wa fani hizi, na cheo hufuata usajili, hakifuati hamu ya kuonekana. Mwajiri anayejua kazi yake atauliza namba ya usajili, na ukikosa cha kumpa, hata ile miaka mitano ya kweli ataitilia shaka. Kama umesajiliwa kama mshauri, andika «Mshauri» chini ya jina, kisha namba yako na tarehe ambayo leseni inakwisha. Kama hujasajiliwa, anza maombi hayo sasa, na kwenye wasifu andika diploma yako, chuo na mwaka, halafu ile kazi ya kanisani kama ilivyo: vijana wa umri gani, siku zipi, na nani uliyekuwa ukimpelekea kijana aliyehitaji msaada kuliko ule ulioweza kumpa.