Uliza Ujibiwe: Msekwa na kiti cha Mlimani

SWALI: Shikamoo mzee. Tunabishana na mjomba wangu. Yeye anasema Pius Msekwa, mtu wa kwetu, alipewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ukada tu, wala hakuwa profesa. Ni kweli?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako hajakosea, ila kaishia njiani.

Profesa hakuwa. Alisoma Makerere, akawa Katibu wa Bunge, kisha 1967 akawa Katibu Mtendaji Mkuu wa TANU. Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikagawanywa vikawa vitatu, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkuu wa Chuo, akamtoa chamani akampa umakamu mkuu, yaani uendeshaji wa chuo, hapo Mlimani, ndicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini muulize mjomba makamu wakuu wa vyuo vile vingine viwili, Nairobi na Makerere, walitoka wapi. Nairobi walimpata Josphat Karanja, ana udaktari wa historia kutoka Princeton, sawa, ila ofisi aliyotoka ni ubalozi wa Kenya London. Makerere akaenda Frank Kalimuzo, mtumishi mkubwa katika serikali ya Obote, Uganda. 1972 askari wa Amin walimchukua na hakurudi. Serikali zote tatu zilitaka mtu wao. Sasa ukada wa Msekwa peke yake una ajabu gani?

Penye uzito ni Julai 1971. Rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi kulalamikia utawala unaoamua mambo bila wanafunzi. Jibu lililokuja ni FFU, polisi wa kutuliza ghasia. Akivaga akakamatwa, akarudishwa kwao, na wenzake wakagoma kuingia darasani. Hapo, kwa maoni yangu, ukada ulimponza Msekwa: barua hujibiwa kwa barua.

Hata hivyo alikaa hadi 1977, na kitivo cha uhandisi kilifunguliwa 1973 akiwa pale. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma. Sisi wa kidato cha sita tulilijua vizuri: Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwanza, kisha kazini angalau miaka miwili, ndipo uombe chuo, tena na barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Katibu wa tawi letu alikuwa anafungia mhuri kwenye kasha la chuma pamoja na sukari yake. Ukimkuta kaenda shamba, ulisubiri. Azimio lilikuwa la chama, Msekwa alilitekeleza tu, ila lawama za foleni ile tulimtupia yeye.

Baadaye Uspika, 1994 hadi 2005, na hapo ndipo namwona alipokuwa nyumbani hasa: kanuni, utaratibu, nani kasimama, nani akae. Mjomba akibisha, mwambie aombe Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala, za miaka ile maktaba ya Bunge, asome anavyowakatisha mawaziri wanaorefusha majibu.